Uliza Fundi: Nimefungua faili la MIDI nikakuta MThd, sasa hii ndo nini?

Toleo lililopita nilichomekea mstari mmoja tu kwamba faili la MIDI halina sauti ndani yake hata chembe, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa mpaka simu inaganda. Nimechagua sita, na nimezipanga makusudi, ya kwanza inafungulia njia zinazofuata, kwa hiyo usirukie ya mwisho halafu uje kunilaumu mimi.

*

"Shikamoo fundi. Napiga kinanda kwaya ya parokia hapa Morogoro. Nimepewa nyimbo kwenye flashi, zote zinaishia na .mid, nikafungua moja kwa Notepad kwenye kompyuta ya ofisi nikaona MThd halafu vijidude na viboksi, mbele kidogo MTrk, basi. Je faili limeharibika? Na mbona lina KB 30 tu wakati wimbo ni dakika nne nzima?"
Mpiga kinanda, Morogoro

Marahaba. Halijaharibika, umechungulia kwa dirisha lisilo lake tu. Notepad inalazimisha kila baiti iwe herufi, na kwenye MIDI baiti nyingi si herufi, ni namba, ndo maana unaona viboksi. Tafuta programu inayoonyesha baiti kwa heksa, yaani namba za kuhesabu kwa kumi na sita, 0 mpaka 9 halafu A mpaka F, mimi natumia HxD kwa Windows, ni ya bure.

Kuhusu udogo wake: MP3 ya kawaida ya kbps 128 inakula karibu MB moja kwa kila dakika, kwa sababu imebeba mawimbi yenyewe ya sauti. MIDI imebeba maagizo. Bonyeza kitufe hiki, kwa nguvu kiasi hiki, subiri, achia, bonyeza kile. Sauti anatoa kinanda chako mwenyewe, ndo maana wimbo uleule kwenye kinanda kizuri unasikika kama okestra na kwenye simu unasikika kama mdoli wa mtoto.

Sasa tuingie ndani. Hili hapa ni faili zima, limekamilika, baiti 51, nimeliandika kwa mkono. Mistari nimekata mimi ili usome vizuri, kwenye faili lenyewe hakuna mistari, ni mkufu mmoja tu:

4D 54 68 64 00 00 00 06 00 00 00 01 01 E0
4D 54 72 6B 00 00 00 1D
00 FF 51 03 09 27 C0
00 C0 6C
00 90 3C 64
83 60 3C 00
00 40 64
83 60 40 00
00 FF 2F 00

Mstari wa kwanza ni kichwa cha faili. Baiti nne za mwanzo ndo ile MThd uliyoiona. Zinazofuata nne zinasema "baada yangu kuna baiti 6", na hizo sita ni namba tatu za baiti mbilimbili: aina ya faili (hapa 0), idadi ya traki, yaani misururu ya matukio (hapa 1), na 01 E0, yaani 480, hiyo ni idadi ya tiki ndani ya noti moja ya robo. Tiki ndo kipimo cha muda wa kusubiri humu ndani, si sekunde.

Mstari wa pili unafungua traki: MTrk, halafu urefu wake, 1D ambayo ni 29. Hesabu mwenyewe baiti kuanzia mstari wa tatu mpaka mwisho, utapata 29. Ukikosea namba hii hata kwa moja tu, vinanda vingi vinakugomea.

Baada ya hapo mpango ni mmoja mpaka mwisho: subiri tiki kadhaa, halafu fanya jambo. Kila tukio linaanza na muda wa kusubiri, hata kama ni sifuri. 00 FF 51 03 09 27 C0 maana yake usisubiri, hii ni tempo, ina baiti tatu, na 09 27 C0 ni 600,000, yaani noti ya robo inachukua maikrosekunde laki sita, ukigawa milioni 60 kwa hiyo unapata 100 kwa dakika. 00 C0 6C inachagua ala. 6C ni 108, na kitabu cha kinanda chako kitakwambia 109 kwa sababu vitabu vinaanza kuhesabu moja na baiti zinaanza sifuri. Ala namba 109 kwenye orodha ya General MIDI ya 1991 ni kalimba, ndiyo, kalimba yetu hii ya kupiga kwa vidole gumba, imekaa pale jirani na koto ya Wajapani na zumari la mfuko la Waskochi.

Halafu 00 90 3C 64: piga noti, chaneli ya kwanza (njia moja ya ala moja), noti 60 ambayo ni C ya katikati, kwa nguvu 100. Kisha 83 60, subiri tiki 480. Kisha 3C 00. Hapa wengi wanakwama, amri iko wapi? Hakuna, imerithiwa. Ile 90 ya juu bado inafanya kazi mpaka ije nyingine, na noti iliyopigwa kwa nguvu sifuri inahesabika kuwa imeachiwa. Ubahili huu una historia yake. MIDI ilitoka 1983 ikiwa ni lugha ya kwenye waya, faili lilikuja baadaye mwaka 1988, na waya ule ulipitisha biti 31,250 kwa sekunde, yaani kama baiti 3,125 tu, maana kwenye waya kila baiti ilisafiri na biti mbili za ziada, ya kuanza na ya kumaliza. Ukibana baiti moja kwa kila noti unaokoa theluthi nzima ya foleni. Kwa hiyo faili letu linapiga do, linaachia, linapiga mi (40 ni noti 64), linaachia, na FF 2F 00 ndo mwisho wa traki.

Sasa kitu kimoja ushike kabla hujafungua ukurasa. Kila baiti ina biti nane, na ile ya kushoto kabisa ndo mlinzi wa mlango. Kwa heksa huhitaji hata kuchambua: baiti ikianza na 0 mpaka 7 mlinzi ni sifuri, ikianza na 8, 9 au A mpaka F mlinzi ni moja. Kwenye tukio la noti, moja maana yake "mimi ni amri", sifuri maana yake "mimi ni data tu", na hivyo ndo kinanda kinavyojua kwamba 3C haiwezi kuwa amri, basi inarithi. Data za noti haziwezi kuzidi 127 kwa sababu hiyohiyo, mlinzi keshakula biti moja. Lakini mlinzi huyuhuyu kwenye muda wa kusubiri ana kazi tofauti kabisa, soma kijana wa Eldoret alivyopatwa.

*

"Sasa fundi. Niko mwaka wa tatu hapa Eldoret, nasomea kompyuta. Nimeandika kaprogramu ka kutengeneza faili ya MIDI. Nikiweka tiki 96 kati ya noti inacheza poa, nikiweka 200 inanyamaza tu. Hakuna eror, hakuna kelele, imekaa tu. Nimekesha siku tatu, nisaidie kabla nivunje hii laptop."
Mwanafunzi, Eldoret

Poa kijana. Usivunje kitu, haijanyamaza, inasubiri. Na umeiambia mwenyewe isubiri.

Nimeangalia faili ulilonitumia, tiki 480 kwa robo, tempo 100, na pale ulipotaka kusubiri 200 umeandika C8 halafu 90 3C 64. Ni kweli 200 kwa heksa ni C8. Ila kwenye muda wa kusubiri, mlinzi akiwa moja hasemi "mimi ni amri", anasema "sijamaliza, chukua na baiti inayofuata". C8 inaanza na C, mlinzi moja, basi programu inachukua 90. Nayo 90 mlinzi wake moja, inachukua 3C. Hii ndo mlinzi wake sifuri, inasimama. Sasa inaondoa walinzi na kuunganisha biti saba saba zilizobaki: 72 mara 16,384, jumlisha 16 mara 128, jumlisha 60. Jumla tiki 1,181,756. Kwa tempo yako hiyo ni dakika 24 na sekunde 37. Ungeiacha ukaenda kusonga ugali, ukala, ukaosha vyombo, ungerudi ukaikuta ndo inaamka, tena inaamka vibaya, kwa sababu 64 uliyokusudia iwe nguvu ya kupiga sasa imekuwa namba ya noti chini ya amri ya kurithi, na kila kitu kinachofuata kimehama nafasi.

96 ilikubali kwa sababu ni 60 kwa heksa, mlinzi sifuri, baiti moja inatosha. Kuanzia 128 kwenda juu unagawanya. 200 ukigawa kwa 128 unapata 1 na salio 72. Ile 1 unaiongezea 128 inakuwa 129, kwa heksa 81, maana bado kuna inayofuata, na 72 unaiacha ilivyo, kwa heksa 48. Andika 81 48. Hata 83 60 ya kwenye mfano wangu ilitoka hivyohivyo, 480 ni 3 na salio 96. Namba ikiwa kubwa zaidi unaendelea kugawa mpaka baiti nne, hapo kikomo ni 268,435,455 na sidhani kama kuna wimbo wako utafika.

Mimi nasema waliobuni hii kitu walifanya kazi nzuri ila wangeweza kutuonea huruma, kumpa mlinzi mmoja zamu mbili zenye maana tofauti ndo chanzo cha nusu ya meseji ninazopata.

*

"Mambo fundi. Programu yangu ya C kwenye Windows inatoa MIDI safi kwa tempo 120, 100, hata 80. Ila wimbo mmoja wa 6/8, mwalimu wa kwaya anahesabu mbili kwa kila bar, 60 kwa dakika, nikageuza kuwa 90, faili linakataa kufunguka. Nikirudisha 100 linafunguka. 90 ina laana gani?"
Msomaji, Dar es Salaam

Poa sana. Hesabu yako ya 6/8 iko sawa kwanza, hongera, wengi wanaandika 60 halafu wimbo unakokota miguu. Tempo ya MIDI inahesabu noti ya robo siku zote, na mwalimu anahesabu robo yenye nukta, kwa hiyo 60 yake ni 90 ya faili.

Laana iko hapa. 90 kwa dakika ni maikrosekunde 666,667, kwa baiti ni 0A 2C 2B. Na 0A ndo baiti ileile ambayo kwenye maandishi maana yake mstari mpya. Wewe umefungua faili kwa "w" (hali ya maandishi) badala ya "wb" (hali ya baiti tupu), kwa hiyo Windows inadhani unaandika barua, ikiona 0A inakusaidia bila kuombwa na kuitanguliza 0D. Ikawa FF 51 03 0D 0A 2C 2B. Msomaji wa faili anachukua baiti tatu alizoahidiwa, 0D 0A 2C, anapata tempo ya 70 na kidogo, halafu 2B iliyobaki anaisoma kama muda wa kusubiri, na kuanzia hapo ni vurugu tupu. Urefu wa traki nao umedanganya kwa baiti moja.

Nakuhakikishia jaribu 84, 85, mpaka 91, zote zitakataa, maana zote baiti yao ya kwanza ni 0A. 92 inarudi 09, inapona. Na siku ukitaka kusubiri tiki 10, itakukuta tena. Weka hiyo b yaishe.

Ukishamaliza angalia pia namba za baiti nne unaziandika vipi. MIDI inataka kubwa itangulie, 00 00 00 06, kama tunavyoandika namba kwenye daftari. Kompyuta nyingi za nyumbani kwenye kumbukumbu zinaweka ndogo kwanza, ukimwaga namba moja kwa moja utapata 06 00 00 00, na hiyo ni zaidi ya milioni mia. Kwako naona ilikubali, sijui ulibahatisha au ulisoma mahali.

*

"Asalaam aleikum fundi. Napiga kinanda kikundi cha taarab hapa Unguja. Kuna nyimbo za maqam ya Rast, ile noti ya tatu iko katikati, si E wala si E bemoli. Kwenye kinanda naishusha kwa vitufe vyake na inatoka tamu. Nikirekodi MIDI nikaipeleka kwenye kompyuta, inarudi E ya piano kavu. Mpiga fidla ananicheka."
Mpiga kinanda, Unguja

Waaleikum salaam. Mwache acheke, yeye hana baiti, ana kidole.

Noti ya MIDI ni namba nzima kati ya 0 na 127, kila namba ni nusu toni. E bemoli ni 63, E ni 64, na 63 na nusu haipo, haiandikiki. Vile vitufe vyako vinabadilisha jinsi kinanda chenyewe kinavyotafsiri 64, faili linapata 64 tu. Vinanda vingine hutuma hiyo habari kama ujumbe wa pekee wa kampuni, unaanza na F0 na kuishia na F7, ila kompyuta isiyojua lugha ya kampuni hiyo inauruka tu.

Dawa ni gurudumu la kupindisha sauti, ambalo kwenye baiti ni amri E0 kwa chaneli ya kwanza (hiyo E ni ya heksa, usiichanganye na noti E, najua inaudhi). Linabeba namba kutoka 0 mpaka 16,383, katikati ni 8,192 maana yake usipinde. Kwa kawaida safari nzima ya kushuka ni nusu toni mbili, yaani senti 200 (si za pesa, nusu toni moja ni senti 100) kwa hatua 8,192. Wewe unataka senti 50, hiyo ni hatua 2,048. 8,192 toa 2,048 ni 6,144. Ikate kwa biti saba saba: 48 na salio 0. Na hapa MIDI inageuka kichwa chini, ndogo inatangulia, kwa hiyo unaandika E0 00 30. Tuseme kabla ya E yako:

00 E0 00 30
00 90 40 64

Ukimaliza rudisha kwa E0 00 40, la sivyo noti zinazofuata zote zitakuwa zimelewa. Jambo la pili, gurudumu linapinda chaneli nzima. Mkono wa kushoto ukiwa na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenye chaneli hiyohiyo, C na G nazo zinashuka na hapo fidla atakucheka kwa haki. Weka melodi peke yake kwenye chaneli yake, kodi kwenye nyingine. Ukitumia chaneli ya pili amri inakuwa E1 na 91. Usitumie ya kumi, ile ni ya ngoma.

*

"Fundi habari za kazi. Natengeneza nyimbo za watoto zenye maneno yanayotokea kwenye skrini, kuna wimbo wa ng'ombe, kila ukifika kwenye neno ng'ombe faili linavurugika. Paka na kuku hawana shida."
Mwalimu, Bukoba

Nzuri mwalimu. Nimecheka halafu nikaangalia baiti, kumbe kweli ni ng'ombe.

Maneno ya wimbo yanakaa kwenye FF 05, halafu urefu, halafu herufi zenyewe, silabi moja kwa tukio moja. "ng'o" ilitakiwa iwe FF 05 04 6E 67 27 6F, herufi nne baiti nne. Ila wewe umenakili maneno kutoka Word, na Word inageuza kile kikoma cha juu kuwa kile kilichopinda, ambacho kwa UTF-8, mtindo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu: E2 80 99. Programu yako imehesabu herufi, ikaandika 04, ikamwaga baiti sita. Mbili za mwisho, 99 6F, zikabaki nje ya boma, na hapo mlinzi wetu anaingia: zinasomwa kama muda wa kusubiri, tiki 3,311, halafu fujo. Rudisha kikoma kilichonyooka. Kiswahili hakina madoido mengine juu ya herufi, kwa hiyo baada ya hapo uko salama. Na ukikata silabi kata kwa sikio lako, "mtoto" ni m-to-to, programu nyingi zinaikata mto-to kwa sababu hazijui m yetu inasimama peke yake.

*

"Kinanda chetu cha zamani kinacheza baadhi ya faili, mengine kinasema hayafai, wakati kwenye kompyuta yote yanacheza. Nikibadilisha 01 kuwa 00 kwenye kichwa bado."
Msomaji, Iringa

Ile 01 ni aina ya faili. Aina 1 ina traki nyingi zinazokwenda sambamba, tempo imekaa kwenye ya kwanza. Aina 0 ina traki moja yenye kila kitu, na vinanda vingi vya zamani vinajua hiyo tu. Kubadilisha kichwa peke yake ni kubandika lebo ya maziwa kwenye chupa ya mafuta ya taa. Inabidi traki ziunganishwe kweli: kila tukio ulijulie muda wake tangu mwanzo wa wimbo, uyapange yote kwa muda huo, halafu upige upya hesabu ya kusubiri kati ya moja na linalofuata. Kwa mkono usijaribu, kama unajua Python kidogo maktaba ya mido ina merge_tracks inafanya hiyo. Ukiandika programu yako mwenyewe angalia ile FF 2F 00, kila traki ilikuwa na yake, ukiunganisha nane ukaziacha zote nane kinanda kitaishia kwenye ya kwanza na wimbo utakatika katikati ya ubeti.